Jiwe la Kinjumbi na Kiapo cha Mama Mdogo

Niliondoka Lindi kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa anaitwa mwizi. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana wapo watakaodhani nilifuata jiwe. Jiwe nililifuata pia, sikatai. Lakini kilichonitoa ndani ni simu ya Mwajuma, binti wa huyo mama mdogo, ambaye alianza kulia kabla hajamaliza salamu.

Kwa wasionifahamu: nilizaliwa Mingoyo, nikauza korosho kwenye madirisha ya mabasi pale njia panda. Nikaenda Arusha kubeba mawe ya watu, kisha Bangkok, ambako mchana nilikata mawe na jioni nilisoma, mpaka nikapata stashahada ya elimu ya vito. Hakuna mjomba aliyenilipia. Sasa nimerudi, na chumba changu cha maonyesho hapa Lindi kina mawe ambayo wengi watakufa hawajayaona: spineli ya waridi, ganeti ya kijani ya Ruangwa, na taafeiti moja ndogo, jiwe ambalo hata wauzaji wakubwa hupitisha miaka bila kulishika. Stashahada nimeitundika mahali ambapo mgeni hana budi kuiona kabla ya kuyaona mawe.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mume wa mama mdogo, Mzee Athumani, alikuwa akipeleka vyakula kwa wachimbaji wa Ruangwa. Mchimbaji mmoja aliyezoea kula kwake alimwachia jiwe. Mzee Athumani akalileta nyumbani Kinjumbi, akawaonyesha wanaume wenzake barazani, jua likiwa juu. Wote waliona jiwe la kijani lililoelekea buluu. Haukupita muda akaugua, akafariki. Jioni ya hitima, giza lilipoingia, kaka yake marehemu, Mzee Selemani, aliomba jiwe litolewe ili lihesabiwe kwenye mirathi. Mama mdogo yuko eda, hatoki mbele ya wanaume wasio maharimu wake, kwa hiyo alilitoa kwa mkono wa Mwajuma kupitia pazia. Likatoka jekundu.

Mzee Selemani akasema mbele ya watu wote kwamba jiwe limebadilishwa. Mama mdogo akajibu kutoka ndani kwamba hilo ndilo jiwe alilopewa na mumewe, na tangu alione mara ya kwanza lilikuwa jekundu. Basi ikaamuliwa kwamba Ijumaa, baada ya swala, wazee waje mlangoni na Msahafu, naye aape. Kwetu pwani, mwanamke akishaapishwa kwa mali ya mumewe, hata kama ameapa kweli tupu, jina lake halirudi lilivyokuwa.

Nilimwuliza Mwajuma swali moja tu. "Hitimani mliwasha taa gani?"

"Kandili, kaka. Umeme ulikuwa umekatika."

Nikaanza kupanga begi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa stendi ya Lindi na lenzi yangu ya mkononi, nakala ya stashahada, na mawe yangu kadhaa kwenye mfuko niliojishonea kwa ndani. Jirani yangu kwenye basi alikuwa mama mmoja wa makamo anayefanya biashara ya vitenge. Kabla hatujafika Mchinga nilikuwa nimekwisha mwonyesha spineli yangu na kumweleza shida yangu yote.

"Yapo mawe, mama, machache sana duniani, ambayo rangi yake hufuata mwanga," nilimwambia. "Kwenye mwanga wa mchana ni ya kijani au buluu. Ukiyapeleka kwenye moto wa taa, yanakuwa mekundu. Jiwe ni lilelile. Bangkok nimeona ganeti moja ya aina hiyo, na mwenyewe alikuwa haruhusu mtu kuipumulia."

"Na la mama yako ni hilo?"

"Ni hilo."

"Umeliona?"

"Bado."

Alinirudishia spineli yangu. "Na kama silo, mwanangu?"

Nikatazama nje. Mikorosho ilipita, ikapita mingine. Kama silo, basi kweli kuna mtu alibadilisha jiwe, na kidole cha kijiji kizima kilikuwa kimeelekea kwa mama mdogo.

Nangurukuru tulisimama kupata chakula. Kwa kawaida pale napenda kukaa meza ya mbele, maana madereva wengine wananikumbuka tangu enzi za korosho na napenda waone nilivyo sasa. Safari hii nilikunywa chai ya rangi nimesimama. Tulipoondoka, tairi likapasuka njiani, na dereva akakuta la akiba nalo limechoka. Tukakaa pembeni ya barabara mpaka lori la wenzao lilipotuazima jingine. Nilipopita Somanga jua lilikuwa linashuka, na niliposhuka kwenye njia ya kuingilia Kinjumbi, mwanga wa mchana niliouhitaji ulikuwa umekwisha niponyoka.

Kijana wa bodaboda alinitazama viatu, akatazama begi. "Unaenda kwa yule mama wa jiwe?"

"Nani kakwambia?"

"Bosi, hapa hata mbuzi wanajua."

Kinjumbi nilimkuta mama mdogo, Bi Zuhura, amekaa kwenye mkeka chumbani, amevaa nguo nyeupe za eda. Mimi ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo naruhusiwa kumwona. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie.

"Mwanangu, mimi sijalitoa lile jiwe nje hata siku moja," alisema. "Alinipa baada ya Isha, taa ikiwaka. Nikalifunga kwenye kitambaa. Kila akilihitaji alilichukua mwenyewe, akaenda nalo barazani kwa wenzake, akanirudishia. Mimi na baraza wapi na wapi?"

"Najua, mama. Nitalisafisha hili."

"Kwa njia gani?"

"Kwa elimu."

Alinitazama kidogo. "Haya. Lakini kula kwanza, elimu haitapoa."

Hatukumaliza kula. Mzee Selemani alibisha hodi, akakaa ukumbini, upande wa pili wa pazia. Ni mzee mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Nilimwamkia, nikamweleza habari za mawe yanayofuata mwanga, nikamfungulia stashahada. Aliisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha akanirudishia.

"Nzuri. Ina muhuri," alisema. "Lakini wewe ni mtoto wake huyu. Hilo jiwe hutaligusa. Hutaliona mpaka asubuhi, mbele ya watu. Na leo unalala kwangu."

"Mzee, nikilala kwako au nisilale, jiwe litabadilika. Lisipobadilika, nakupa taafeiti yangu. Hakuna mwingine mwenye jiwe hilo mkoa mzima."

"Astaghfirullah! Unataka kuniingiza kwenye kamari, na nyumba ina msiba?"

Nyuma ya pazia nilimsikia mama mdogo akikohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko. Nilifurahi. Mwajuma alikuwa ameniambia kwamba mama yake hajacheka tangu hitima.

Nyumbani kwa Mzee Selemani mkewe alinipa kitanda kizuri, nami nikamwonyesha spineli yangu. Alisema ni nzuri, mashallah, akaniuliza kama nimeoa. Usingizi haukuja haraka. Nimekaguliwa na wataalamu Bangkok, nimeuziana maneno na wanunuzi wa kila taifa, lakini sijawahi kuweka jina langu juu ya jiwe ambalo sijaliona. Na kesho yake lingewekwa jina la mama mdogo pia.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na mawingu. Wanaume watatu walifika: Mzee Selemani, sheikhe wa msikiti, na fundi mwashi wa jirani aitwaye Kassimu, ambaye alikuwa ameliona jiwe barazani kwa macho yake.

"Mthai, jua lako limekukimbia," Kassimu alisema akitazama juu, habari za Bangkok yangu zikiwa zimeshamfikia.

"Mawingu ndiyo mazuri zaidi," nilimjibu. "Wakataji wakubwa hawaangalii rangi ya jiwe kwenye jua kali."

"Aa! Kumbe visingizio mlifundishwa tangu chuoni?"

Niliwaomba wafunge madirisha ya ukumbini, nikawasha kandili. Kassimu alitoa simu yake amulike, nikamzuia, kwa sababu mwanga wa tochi ya simu ni mweupe na ungetuvurugia. Mwajuma akapitisha kisahani cheupe kupitia pazia, jiwe likiwa katikati, limefunuliwa kitambaa.

Lilikuwa jekundu kama choya iliyochemshwa. Zuri, safi, kubwa kuliko nilivyotarajia, na jekundu kabisa.

"Tumeliona," alisema Mzee Selemani. "Hili silo."

"Mzee, lishike wewe. Mimi nakaa hapahapa, mikono nimeikunja. Usilifumbate. Lishike kwa vidole viwili, wote tulione, utoke nalo taratibu mpaka barazani."

Alilichukua. Alitembea kama mtu aliyebeba uji wa moto, sheikhe na Kassimu wakimfuata macho yakiwa kwenye vidole vyake. Mlangoni alisimama. Mimi nilikuwa bado ndani, nimekunja mikono kama nilivyoahidi.

"Mbona linazima?" alisema.

"Endelea, mzee."

Akapiga hatua, akatoka. Kisha nikamsikia Kassimu: "Lilelile! Wallahi lilelile la siku ile!"

Mzee Selemani akarudi ndani mbio, jiwe mbele yake. Kwenye kandili likawa jekundu. Akatoka, likawa kijani chenye buluu ndani yake, kama maji ya kina yaliyotulia. Akarudi tena. Akatoka tena. Sheikhe alimwomba naye ajaribu, akamwambia asubiri. Mwishowe aliketi kwenye kiti cha ukumbini, jiwe kiganjani, akakaa akilitazama tu. Sikumharakisha. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu tayari, na nashukuru kwamba kwa mara moja niliyaacha mdomoni.

Akasogeza kiti kuelekea pazia. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "nimekosa."

Sauti ya mama mdogo ikaja, tulivu. "Shemeji, siku ile uliponiita mwizi, ulisema kwa sauti gani?"

"Sauti gani?"

"Ya juu. Mbona hii ya leo ya mgonjwa?"

Kassimu aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Mzee Selemani alisimama, akajaza kifua. "SHEMEJI ZUHURA, NIMEKOSA! JIWE NI LILELILE! NISAMEHE!"

Kuku walikimbia uwanjani. Jirani mmoja akachungulia.

"Nimekusamehe," alisema mama mdogo. "Lakini watu wa hitima walijaa nyumba nzima. Hapa nasikia watatu."

Basi baada ya swala ya Ijumaa wazee walikuja mlangoni kama walivyopanga, ila Msahafu ulibaki msikitini. Wanaume wa Kinjumbi walipanga mstari, na mmoja mmoja Mzee Selemani aliwapitisha: kwanza kwenye kandili, kisha barazani, yeye ndiye ameshika jiwe, na kila mmoja wao alimwambia yeye mwenyewe, "Shemeji alisema kweli, nasi tulisema kweli, ila mimi ndiye niliyekosa." Nimeonyesha mawe kwenye ukumbi wa vioo Bangkok, wanunuzi wakiwa na suti. Hawakuwahi kupiga kelele kama zile.

Walipoondoka, nililichukua jiwe kwa ruhusa ya Mzee Selemani, nikaenda uani, ambako ukuta wa makuti ni mrefu na mtu wa nje haoni. Mama mdogo alitoka na Mwajuma. Niliweka jiwe kwenye kiganja chake, mawingu yakiwa yamefunguka kidogo.

Aliligeuza kwenye mwanga. "Kumbe hili ndilo alilokuwa akicheka nalo barazani," alisema. "Na mimi nikawa na langu." Kama marehemu alijua siri ya jiwe lake, hakumwambia mtu. Mama mdogo alifuta macho kwa upindo wa nguo, kisha akatabasamu, akalifumba.

Jumamosi nilirudi. Kabla sijaondoka nilimwomba Mzee Selemani, kama warithi watakubali kuliuza, wanifikirie mimi kwanza. Alisema jambo hilo litasubiri eda iishe, na mwenye neno la kwanza ni shemeji yake. Nilipanda bodaboda mikono mitupu, na tangu Somanga mpaka Mchinga nilijikuta naimba.

Sasa nipo Lindi. Bangkok walinifundisha kuliuliza jiwe maswali. Kinjumbi nimejifunza kumwuliza kwanza mtu aliliona wapi, na kwa taa gani. Nimeamini pia kwamba stashahada yangu haikuwahi kufanya kazi nzuri kuliko siku ile, ingawa hakuna aliyeisoma hadi mwisho.

Juzi Mzee Selemani alinipigia simu. "Eda ikiisha tunakuja Lindi na shemeji na jiwe. Amesema watu wa mjini nao walione. Weka kiti kimoja."

"Kimoja tu, mzee? Na wewe je?"

"Cha shemeji hicho. Mimi nitakuwa nimesimama, nawaeleza watu."

"Na mimi?"

"Wewe utashika kandili."

Kandili nimekwisha nunua.