Njoo na Mkoba

Pale shuleni ninapofanya kazi ya ukarani wamenipachika jina la Hakuna Baya, na wala sichukii. Nikitumwa kumwita mtoto darasani, naanzia mlangoni kabisa: "Hakuna baya, mama yako kakuletea daftari." Walimu wapya hunicheka. Waacheni wacheke, hawakusoma nilikosoma mimi.

Nilisoma ng'ambo miaka miwili, shule ya watoto wa wanajeshi, ndani ya kambi. Baba alikuwa sajini, fundi wa magari ya jeshi. Lori likiharibikia huko mbele kwenye mapigano, yeye na wenzake ndio wanaolifuata. Akiondoka, mama alikuwa anafua hata nguo zilizo safi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na tumbo la kuniuma kila asubuhi. Daktari wa kambi akasema minyoo. Minyoo gani! Ilikuwa hofu tupu.

Shule ile ilikuwa na simu moja, ukutani, nje ya darasa letu. Ikilia, tulinyamaza wote, hata wale watundu. Mwalimu alitoka, akarudi, akataja jina. Akisema "njoo," basi umesahau chakula, au unaenda kuchanjwa. Akisema "njoo na mkoba," baba yako kaumia, au hayupo tena. Hakuna aliyetufundisha, tulijionea wenyewe, mara tatu. Na kwa kuwa hatukujua kusema pole, tulikuwa na desturi yetu: anayeitwa na mkoba, kila mmoja anamtilia kitu ndani. Penseli, kifutio, hata biskuti iliyokwisha kung'atwa. Kisha tunasimama, tunainamisha vichwa, naye anatoka.

Nikajifanya mjanja. Baba alipoenda safari yake ya mwisho, nikawa naacha mkoba nyumbani, madaftari nayabana kwapani. Asiye na mkoba watamwitaje? Siku ya nne mama akagundua, akanivalisha mgongoni kwa mikono yake mwenyewe. "Usinitie wazimu, mwanangu," akasema. "Yangu yananitosha."

Siku ya tisa, Jumanne, saa nne na robo, simu ikalia. Mwalimu akarudi, akanitazama mimi.

"Njoo na mkoba."

Sikusimama. Niling'ang'ania dawati. "Sina mkoba," nikasema, na huku uko miguuni pangu. Kidoti, niliyekaa naye dawati moja, ambaye baba yake alikuwa huko huko na baba yangu, akauokota, akaufungua. Akatia rula yake ya mbao, ile ambayo hakumwazima mtu, hata mimi. Wengine wakafuata. Mwalimu, mgeni wa wiki mbili, alitutazama tu asielewe. "Haya, fanya haraka, unasubiriwa."

Wakasimama, wakainamisha vichwa, nami nikatoka nje na mkoba. Kulikuwa na lori, masanduku yetu yamepakiwa nyuma, mama kakalia mojawapo. Na pembeni, mikono imejaa grisi, anapiga mluzi, amesimama baba.

"We! Mbona umenuna? Tumehamishwa, tunarudi nyumbani. Ndege saa saba. Panda!"

Nilimpiga. Sajini mzima nilimpiga ngumi ya tumbo mbele ya dereva, nikalia kwa hasira, naye akacheka akidhani ni furaha. Ndipo nikakumbuka darasa.

"Baba, nirudi dakika moja tu, nikawaambie."

"Ukawaambie nini? Utawaandikia barua."

"Na baba yake Kidoti je?"

Kicheko kikamkatika. "Yeye kabaki na lori moja bovu," akasema. "Atafuata."

Tulipita chini ya dirisha la darasa. Walikuwa wangali wamesimama, vichwa chini. "Yuko hai!" nikapiga kelele. "Baba yangu yuko hai!" Injini ilinguruma, na hakuna aliyeinua kichwa. Nilikuja kuandika barua mbili, lakini kambi ilikuwa imevunjwa na zote zikarudi.

Baba alifariki mwaka juzi, akiwa na miaka themanini na moja, kitandani kwake, baada ya kulalamika kwamba chai haina sukari. Simu ilinikuta ofisini. Wenzangu wakanizunguka, pole, pole sana, nikaitikia vizuri kama mtu mzima. Kisha nikapita nyumbani kuchukua nguo, nikaitoa rula ya Kidoti kwenye droo, nikaitia kwenye mkoba, na hapo ndipo nikalia. Pole ya baba yangu nilikuwa nimeshapewa zamani, na mtoto aliyetoa kitu chake cha pekee.

Baba yake Kidoti alirudi? Mpaka leo sijui. Kila simu ya ofisi ikilia namwona yeye, anageuka kunitazama kwenye dawati letu. Kama naye aliitwa na mkoba, mimi sikuwepo kumtilia kitu.