Nilivyoigeuza pikipiki ya milimani kuwa ya barabarani, nikaenda Lusewa bila kuomba ruhusa

Wakuu, salaam kutoka Songea. Mlio wadogo kwangu, marahaba, nimeshaipokea kabla hamjaandika.

Mimi shule niliishia la nne, kwa hiyo nikikosea nukta msinisute. Ila uongo humu hamtaupata. Anayebisha aje Lizaboni aulizie mzee wa pikipiki ya moshi.

Iko hivi.

Tangu mke wangu atangulie, mwanangu Osmundi alinitafutia kijana wa bodaboda wa kunibeba kila ninapotaka kutoka. Nikashukuru. Kumbe kila safari anampigia simu: mzee leo kaenda kilabuni, mzee leo kashuka kwa fundi cherehani. Nikawa kama gunia la mahindi, linapakiwa na taarifa inatolewa.

Sasa dada yangu Sabina, aliyenilea mimi, yuko Lusewa na miguu imemgoma. Akatuma salamu anataka kuniona. Osmundi akasema tusubiri Krismasi atafute gari. Wakati huo ndiyo kwanza tunavuna.

Ndani nilikuwa na pikipiki. Ndogo, two stroke, ya kuchezea milimani. Aliniachia mgeni mmoja wa mradi wa maji niliyemlindia nyumba, pamoja na kadi yake. Taa haina, indiketa haina, kioo haina, honi ndiyo kabisa. Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kama msumeno wa kupasulia mbao.

(Huo msumeno nimeushika miaka mingi porini, ndiyo maana nasikia nusu nusu. Mkiniandikia nasoma, mkinipigia mtajichosha. Turudi.)

Nikamwambia Osmundi nitaenda nayo Lusewa. Akacheka mbele ya mkewe.

"Baba, hilo ni toi. Trafiki wakilipitisha, nenda hata Msumbiji, sitakuuliza."

"Umesema?"

"Nimesema."

Asubuhi yake nikaisukuma hadi kwa fundi Mapunda.

Mapunda akatafuta taa ya mbele kwenye pikipiki iliyokufa, akafunga taa ya breki, indiketa, vioo na honi. Tairi za nundu akazitoa, maana lami ikilowa zinateleza kama sabuni. Akaweka zinazokubali lami na vumbi. Koili ya kuzalisha umeme akaisuka upya, ile ya zamani umeme wake ulitosha kuwasha plagi tu.

Akasema babu tuweke na betri. Nikakataa. Ilikuja duniani bila betri, itaishi bila betri. Ubishi wangu ni wa kuzaliwa.

Nikaipeleka ikakaguliwe. Askari mwenyewe binti, heshima zote, shikamoo babu, marahaba. Akasema washa taa. Ikawaka. Akasema achia mafuta, iache ingurume taratibu. Taa ikafifia ikawa nyekundu kama kaa la jikoni. Akasema piga honi. Ikakoroma kama mbuzi mwenye mafua.

"Babu, giza likikukuta umesimama njia panda, nani atakuona?"

Nikamwambia nitaendesha mchana. Akatabasamu, akanirudisha.

Jioni Osmundi akaja na mtu wa kuinunua. Mnanielewa? Hakuniuliza, alikuja na mteja mkononi. Yule bwana akaanza kupigapiga tairi kwa kiatu. Nikapanda kwenye siti, nikakaa, nikamwambia anunue na mimi kwa pamoja. Akaondoka.

Kesho yake nikarudi kwa Mapunda kichwa chini. Hakunisema. Akafunga betri chini ya siti, na kile kidude cha kuuweka umeme sawa ili betri ijae. Tukawasha. Injini taratibu, taa imesimama nyeupe. Honi ikawafukuza kuku wa jirani.

Nikairudisha kwenye ukaguzi, yule binti askari akabonyeza kila kitu mwenyewe, kisha akarudia. Leseni ninayo, helmeti ninayo. Akapitisha.

Osmundi sikumpigia. Alishasema.

Siku ya safari, sheli, mhudumu akanidaka mkono nikimimina oili kwenye tenki. Babu unaiua, oili inawekwa chini huku. Nikamweleza, akawaita wenzake waje kuona. Nikawaacha kwenye moshi wao.

Baada ya Namtumbo nikaiacha lami. Kwenye vumbi ile pikipiki ikachangamka kama ng'ombe aliyenusa zizi. Mgongo uliuma, sitawaficha. Nilisimama mara nyingi, vijana wananipita wananipungia.

Dada Sabina alikuwa kwenye mkeka nje. Akatazama nyuma yangu, anamtafuta dereva.

"Nani kakuleta?"

"Nimejileta, dada."

Akacheka mpaka akajifuta macho na kanga. Kisha akataka apige honi. Nikamsogezea pikipiki hadi mkekani, akapiga, akapiga tena, majirani wakatoka.

Simu ikaita, Osmundi huyo. Nikampa dada. Nyie mnajua shangazi akiongea mtoto wa kaka anatii.

"Baba yako anakula," akamwambia. "Akimaliza atalala. Kurudi ni akitaka yeye." Akakata.

Funzo, wakuu. Mwenye pikipiki kama yangu asilete ubishi wangu, aweke betri siku ile ile ya kwanza. Fundi na trafiki wasikilizeni. Ila mtu anayekwambia kaa ndani, muulize kwanza kama aliwahi kukuuliza unataka kwenda wapi.

Wataalamu nisaidieni: nikishuka mlima mrefu kuna harufu ya kuungua, ni oili imepungua au ni breki? Na nyie mnaowafungia wazee wenu, tukaneni tu hapo chini, nasoma zote.

Osmundi, najua na wewe umo humu. Haiuzwi.