Umma Kwenye Majani ya Bustani

Mwezi uliopita nilitoka kliniki Lushoto mjini, mtoto analia kwa sababu ya sindano, nikakaa kumnyonyesha kwenye bustani iliyo katikati ya mji. Majani yamekatwa vizuri, na pale ni tambarare kuliko shamba lolote la kwetu Shume, milimani. Mzee anayeitunza akaniambia niinuke, majani yale hayakaliwi.

Nina kidato cha nne, basi nikamwaga hotuba. Nikamwambia mkoloni ameshaondoka, tuko kwenye Ujamaa, ardhi ni mali ya umma, na umma ndio mimi. Nilijiona mkuu wa wilaya, titi likiwa nje.

Mzee akasubiri nimalize. “Mwanangu, kwenu hawasalimii?”

Nikanywea. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Haya, endelea kunitukana.”

Ningeendeleaje? Huku kwetu ukishampa mtu mzima shikamoo yake, huwezi tena kumfokea. Nikainuka na hasira zangu zote, mtoto bado ananyonya, nikaenda kumalizia kwenye ngazi za posta, juu ya saruji ya baridi, umma mzima peke yangu.