Kikombe cha Esperansi

Harufu ya uji wa unga wa njano hunifuata kila ninakohamia. Niliikuta Kahama, nikaikuta Geita, na kila mara hunirudisha darasa la tano huko Bugarama, karibu na mpaka wa Burundi, miaka ile wakimbizi walipotuzidi wingi sisi wenyeji.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na mtindo wake wa kufundisha maneno ya kumiliki. Alikusanya vitu vyetu mezani, akainua kimoja kimoja na kuuliza ni cha nani. Mwenyewe akijibu sawasawa, alirudishiwa. Akikosea, aliyepatia alikichukua. Kwa kawaida tulirudishiana wakati wa mapumziko, tukicheka.

Siku hiyo aliinua kikombe cha bati chenye mkono uliofungwa waya. Kilikuwa cha Esperansi, msichana wa Burundi. Yeye na shangazi yake walikuwa wamekwepa kambi, wakapanga chumba jirani na kwetu.

"It is my," alisema Esperansi.

"My nini?" mwalimu aliuliza. Darasa likaangua kicheko.

Nikanyoosha mkono. "It is mine, sir."

Mwalimu alikuwa akimwona Esperansi nacho kila siku. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. "Umepatia. Chukua."

Esperansi alinifuata kwenye foleni ya uji. Kirundi chake na Kihangaza changu havikupishana sana, kwa hiyo nilimwelewa vizuri alipokiomba.

"Kwani mkimbizi ana chake?" nilimjibu kwa sauti, ili wenzangu wasikie.

Asiye na kikombe hakupewa uji. Esperansi alisimama akitutazama tukinywa. Mimi nilikuwa na kikombe changu. Chake nilikipeleka nyumbani, nikawawekea kuku maji.

Jioni shangazi yake alikuja, akakiona uani. Mama aliniuliza mbele yake, "Mwanangu, hiki umekitoa wapi?"

"Ni changu. Mwalimu alinipa."

Shangazi alimgeukia mama. "Basi nisamehe, mama. Nimekifananisha."

Akamshika mama mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Esperansi hakurudi tena shuleni.

Nilijiona nimemshinda mtu mzima. Nilikuja kuelewa ukubwani, nikiwa ng'ambo ya mpaka bila karatasi, askari aliponinyang'anya redio yangu nami nikamwambia asante. Neno moja la mama kwa mwenyekiti wa kijiji lingetosha kuwapakia wale wawili kwenye lori la kwenda kambini. Shangazi alilijua hilo. Mama naye alilijua. Jioni ile, mgeni alipotoweka njiani, mama aliinama, akawaongezea kuku maji katika kikombe kile.