Niliposema Mama Mkwe Anaumwa Kifua

Naona aibu kulisimulia hili hata leo, lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Mabwerebwere, hapa Kilosa, ulishalisikia, tena limeongezwa chumvi, afadhali mlisikie kwangu mimi niliyeliharibu.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Magole, alihamia kwetu baada ya kuugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, makovu yakabaki, ila maumivu hayakuondoka: mara yanachoma kama moto, mara kama amepigwa shoti, hata nguo ikimgusa anashtuka, usingizi hapati na chakula hakipandi (hayo yote niliyasikia kwa mke wangu, maana mimi na mama tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba, basi). Tukatangaziwa kwamba madaktari bingwa watakuwa Mikumi siku moja tu, na yumo mmoja wa maumivu ya mishipa ya fahamu. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili, kwa hiyo safari ikaniangukia mimi.

Kwenye meza ya nesi anayepanga wagonjwa, mama akainamisha kichwa akanyamaza, kwa sababu mkwewe nipo. Nesi akanigeukia, anaumwa nini. Sasa maumivu yenyewe yanaanzia chini ya titi la kushoto yanazunguka hadi mgongoni, na titi la mama mkwe nitalitajaje mbele ya foleni nzima? Nikasema, "Kifua."

Neno hilo moja tu. Nesi akauliza kimeanza lini, nikasema yapata miezi minne. Amepungua? Sana. Usiku analala? Hapana. Anakohoa? Na mama, aliyekula vumbi la barabara toka Kilosa, akakohoa hapo hapo. Mara amevishwa barakoa, amepewa kikopo cha makohozi, na tumepelekwa benchi la peke yake kule kwenye uzio, mbali na watu. Mama akakitazama kile kikopo, akanitazama mimi. Nikajiambia daktari atagundua mwenyewe (akili za mtu mwoga hizo).

Haikupita saa moja mke wangu akapiga simu analia: jirani yetu mmoja, aliyekuja pale kupimwa macho, alishapeleka habari mtaani kwamba mama ana kifua kikuu, na wageni waliokuja kumwona mtoto walikuwa wanaaga mmoja mmoja. Saa tisa ikatangazwa kwamba daktari wa maumivu anaona wagonjwa watatu wa mwisho, kisha anaondoka.

Nikamkimbilia nesi, nikamwambia kwa sauti ya chini, hakusikia. Nikarudia. Akasema, "Baba, ongeza sauti, watu ni wengi hapa."

Basi nikaongeza, na kwa woga nadhani nilipitiliza: "Mama mkwe wangu anaumwa chini ya titi. Mkanda wa jeshi."

Mzee mmoja akacheka, wengine wakafuata, na kule kwenye uzio nikamwona mama anajifunika khanga uso wote. Nesi hakucheka. Aliuliza tu kwa nini nilisema kifua, kisha akaenda mwenyewe kumchukua mama.

Daktari akaniambia nibaki nje. Mlango ulikuwa haufungiki vizuri, nikamsikia mama, ambaye kwangu hajawahi kuvuka maneno kumi, anaeleza bila kusita jinsi anavyolala ameketi, amelishika gauni lisimguse, na jinsi alivyoacha kulalamika kwa sababu watu wakiona makovu yamepona wanadhani anadeka. Daktari akamjibu, "Hudeki, mama. Mishipa yenyewe imeumia." Nikasikia mama analia. Miezi minne tumekaa nyumba moja, na hilo la kudeka hata mimi nilishawahi kuliwaza.

Alipewa dawa za kumeza jioni, akaelezwa kwamba zitafanya kazi polepole, na akaandikiwa kuendelea na kliniki Morogoro. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele yangu. Tulipokaribia Kilosa akasema bila kugeuka, "Baba Upendo, ungetoka tu pale kwa nesi, ningesema mwenyewe."

Siku hizi analala, si kila siku, lakini analala. Kliniki tunakwenda pamoja, ila nikishamfikisha mezani namsalimia nesi, natoka nje ya geti, nasimama ng'ambo ya barabara mpaka anipigie simu. Na mtu akiniuliza mama mkwe wako anaumwa nini, namwambia kamuulize mwenyewe, mdomo anao.