Pete, Kifimbo na Kastabini

Jirani yetu, fundi saa mstaafu, anaitafuta uani kwake kastabini ya marehemu mkewe, kile kikofia cha shaba cha kidole cha kushonea, kabla mafundi hawajaja kesho kumwaga saruji. Mashine kubwa ya kunasa metali humwonyesha pa kuchimba. Shimoni hutumia kifimbo kifupi, mfano wa karoti, kinachotetemeka kikikaribia chuma au shaba. Dukani alijaribu vitatu akiwa amefumba macho, akavikataa viwili vyenye mlio. "Kelele za saa zimenitosha," alimwambia muuzaji. "Nipe kinachonong'ona." Basi hupiga magoti, hukiingiza shimoni polepole, mkono wa pili ukipekua pembeni, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Kifimbo hutetemeka. Hamna kitu. Hutetemeka tena. Wiki nzima hivyo, ua umekuwa mji wa fuko.

"Mzee, kinaisikia pete yako," nikamwambia leo. "Ivue."

"Nilivalishwa. Kuvua sikufundishwa."

"Basi kastabini waachie wenye saruji." Mdomo wangu huo! Nilitamani kuumeza. Alinitazama, akailowesha pete kwa mate, akaizungusha mpaka ikatoka, akaniwekea kiganjani. "Usitikisike." Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu kifimbo kikatetemeka, taratibu, kama paka anayekoroma. Akatoa bonge la udongo, akalipuliza, shaba ikachungulia. Akairudisha pete kidoleni, akakivika kidole kile kile kastabini, akakisogezea kifimbo.

"Sasa tetemeka utakavyo," akakiambia, akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka giza likaingia.