Sabufa Iliyommeza Babu

Umewahi kuona muziki ukimmeza mtu? Mimi nimeona, nyumbani kwetu Gorong'a. Baba mdogo alinunua sabufa, akafungua bezi mpaka mwisho, maana huku sabufa isiyotikisa bati si sabufa. Jumapili tukaweka rekodi ya marehemu babu akipiga litungu, ala yetu ya nyuzi. Ikanguruma tu. Bibi akakunja uso: "Mnanipigia trekta. Mume wangu yuko wapi?"

Nikaunganisha kompyuta yangu, ile ya kuandikia maombi ya kazi yasiyojibiwa. Nikafungua equalizer, nikashusha bezi, nikapandisha sauti za kati. Baba mdogo akanuna: "Mura, unaihasi sabufa yangu."

Nyuzi zikaanza kusikika mojamoja, kisha babu akakohoa kabla ya kuimba. Bibi akainuka, mabega yakicheza. "Ndiye huyo. Hata kikohozi ni chake." Akamgeukia baba mdogo: "Atakayegusa hapo, ugali wangu hali."

Sasa nyie mabosi wa interview mnaodai experience: ninayo, na bibi ni shahidi. Nipeni kazi, au mje Gorong'a mumwambie yeye, face to face, kwamba sijui kitu.